Sura ya Tano: Kucha za Dubu wa Wembley

Komeo la sanduku lilikuwa la chuma na lilikuwa na kiburi. Ibtisam Shaame alilisukuma kwa kidole gumba, likakataa. Akalisukuma tena, safari hii kwa hasira kidogo, likafyatuka na kumvunjia ukucha.

"Pole, mwanangu," alisema Bi Hayat kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

Bibi huyo wa Kipemba, mjane wa miaka sabini na ushei, aliinuka taratibu, akauokota ukucha kwenye zulia kabla Ibtisam hajajua umeangukia wapi. Akaufunga kwenye karatasi laini, na karatasi akaifundika kwenye pindo la kanga aliyojitanda juu ya koti la sufu. Kisha akarudi kukaa na kuendelea na chai yake ya tangawizi. Ibtisam alimshukuru bila hata kugeuka. Alikuwa ametoka uwanja wa ndege kwa mabasi mawili, katika baridi ya Januari inayopenya mpaka kwenye mifupa, na kilichomleta kilikuwa ndani ya sanduku.

Ndani ilikunjwa ngozi ya dubu wa India, yule mweusi mwenye manyoya marefu yaliyotimka, mla mchwa na asali. Ibtisam aliijua vizuri. Alikuwa mpelelezi wa forodha, kitengo cha nyara za wanyama, na majira ya baridi mawili nyuma yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa katika sanduku la abiria lililojaa mablanketi. Nyara zilizokamatwa huweza kukopeshwa kwa ajili ya kufundishia, na Ibtisam ndiye aliyependekeza ngozi hiyo iletwe hapa, kwenye ukumbi mdogo wa Wembley, kwa mwalimu Rupal.

Sasa mguu wa mbele wa kulia haukuwa na kucha hata moja.

"Nani aliyeziona mwisho?" aliuliza.

"Mimi," alisema Rupal. Alikuwa mwanamke mwembamba, mzaliwa wa Upanga, Dar es Salaam, na siku hiyo alikuwa na uso wa mtu ambaye hakulala. "Jumanne, kwenye darasa la akina mama. Niliunyanyua mguu huu huu nikawaonyesha dubu anavyobomoa kichuguu. Zilikuwepo zote. Jana nimefungua kwa ajili ya watoto wa shule, mguu mtupu. Dada Ibtisam, nilitamani ardhi inimeze."

"Na kesho mkuu wangu anakuja kukagua."

"Najua. Zisipoonekana?"

Ibtisam hakuwa na tabia ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Zisipoonekana, ngozi inarudi kwenye ghala la forodha kule Hayes, na leseni ya darasa lako inafutwa. Hakuna ofisi itakayomwachia nyara mtu ambaye nyara zake zinaingia sokoni."

Rupal alikaa chini. Darasa hilo lilikuwa jasho lake. Alikuwa amelijenga kwa miaka mitano, shule kwa shule, na Jumanne kwa akina mama, nusu Wagujarati na nusu Waswahili, ambao lugha yao ya pamoja hapo Wembley ilikuwa Kiswahili. Aliwafundisha jinsi watu wa vijiji vya kule milimani India wanavyoweza kukaa na dubu bila kuuana: wasiende peke yao alfajiri kuokota maua ya msituni ambayo dubu naye huyala, wapite kichakani kwa kelele ili dubu asishtuke, wasimwage mabaki ya chakula uani. Na aliwafundisha wao, watu wa mjini, wasinunue hirizi za kucha, maana kila hirizi ina dubu wake aliyekufa.

Ibtisam alivaa glavu, akatoa lensi yake, akapiga magoti. Alianza na mguu wa kushoto, uliokuwa mzima. Alivuta ukucha mmoja mmoja. Hakuna uliotikisika. Ndipo akauchukua mguu wa kulia na kuutazama kwa muda mrefu, akipuliza manyoya huku na huku.

"Njoo uone. Kisu kikipita huacha mdomo. Manyoya hukatika, ngozi huwa na ukingo. Hapa hakuna. Na huu unga wa njano ndani ya tundu?"

"Gundi?"

"Gundi kongwe iliyokauka ikasagika. Sanduku hukaa wapi?"

"Hapo hapo, kando ya hita. Ukumbi wenyewe unauona ulivyo mdogo."

"Na mguu huu hukunjiwa upande gani?"

Rupal alifikiri, akatazama hita iliyokuwa ikinguruma ukutani, akajibu kwa sauti ndogo. "Upande wa hita."

"Basi hazikukatwa. Zilidondoka zenyewe."

"Kwa hiyo hakuna mwizi?"

"Nimesema zilidondoka," Ibtisam alisema huku akisimama. "Sikusema zilitembea."

Walitafuta tena pamoja, ingawa Rupal alikuwa ameshatafuta mpaka akafungua tumbo la mashine ya kufyonza vumbi. Chini ya zulia hakuna. Nyuma ya hita kulikuwa na kifungo kimoja na karanga mbili. Ibtisam akahamia dirishani, kwa shahidi pekee aliyekuwepo.

"Bi Hayat, Jumanne ulikuwepo?"

"Jumanne sikosi."

"Ulimwona mtu yeyote akizichezea kucha?"

"Kuzichezea, hapana." Bibi alikunywa funda la chai. "Ila yule jirani, Yogesh, siku ile kaleta viti, alikuwa na maswali. Anauliza bei. Ukucha mmoja wauzwaje. Sasa mtu mzima na duka lake, bei ya kucha ya nini?"

"Alisema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu na miye nasikia."

Kwenye kingo ya dirisha palikuwa na chungu cha mrehani, alichokileta Bi Hayat mwenyewe ili ukumbi, kama alivyosema, unuke kama mahali pa watu. Majani yake yalikuwa yamelala chali. Ibtisam aligusa udongo. Ulikuwa umelowa vizuri.

"Mrehani wako una nini?"

"Baridi, mwanangu. Sie wenyewe Wembley imetunyausha, sembuse mrehani."

Ibtisam alicheka. Lakini dirisha lilikuwa juu ya hita, na kingo yake ilikuwa na joto la kukaushia soksi. Jambo hilo alilitia akilini bila kujua la kulifanyia, akavaa koti, akatoka.

Duka la Yogesh lilikuwa ukuta kwa ukuta na ukumbi, na ndiko darasa lilikokuwa likiazima viti. Liliuza ubani, nyuzi nyekundu za kufunga mkononi, hiliki kwa kipimo, na chupa za mafuta ya kila maradhi. Mwenyewe alikuwa mtu wa Kisumu, mnene, mcheshi, aliyekuwa akimpimia hiliki bibi mmoja wa Kigujarati. Alipoona kitambulisho cha forodha, ucheshi uliingia ndani ukajifungia mlango.

"Karibu, madam. Kuna shida gani?"

"Jumanne uliuliza bei ya kucha za dubu."

"Niliuliza tu. Kuuliza bei ni makosa?"

"Inategemea muulizaji anauza nini."

Macho ya Yogesh yalimponyoka. Yalikwenda kwenye droo iliyo chini ya mizani na kurudi. Ibtisam alikuwa ameishi na macho ya namna hiyo miaka kumi na tano pale uwanja wa ndege.

"Ifungue hiyo, tafadhali."

Ndani, juu ya kitambaa chekundu, zililala kucha nne nyeusi zilizopinda, kila moja imevishwa kofia ya fedha na mkufu wake. Ibtisam aliinama akazihesabu tena.

"Zimetoka wapi?"

"Madam, siwezi kusema."

"Utasema hapa au utasema ofisini."

"Nitasema, nitasema. Lakini ngojea kwanza Hansaben atoke."

Bibi wa hiliki hakuwa na haraka. Alihesabu sarafu zake, akauliza habari za mke wa Yogesh, akaulizia na za shemeji. Kengele ya mlango ilipolia nyuma yake, Yogesh aliinama juu ya meza mpaka tumbo likaigusa mizani.

"Ni plastiki," alinong'ona.

"Nini?"

"Plastiki, madam. Zinatoka kiwandani. Nanunua kwa boksi. Akisikia Hansaben, mtaa mzima wa Ealing Road utajua kabla ya jioni, na mimi nitauza nini tena?"

Ibtisam hakuwa mtu wa kuridhika kwa maneno. Aliomba pini na kiberiti cha ubani. Akaichoma pini mpaka ikawa nyekundu, akaigusisha nyuma ya ukucha wa kwanza. Pini ilizama kama kwenye samli, na moshi ukapanda ukinuka ndoo iliyoungua. Wa pili vilevile. Wa tatu na wa nne hakuwa na haja nazo, ila alizichoma kwa ajili ya ripoti.

"Unawauzia watu kama za kweli?"

"Siwaambii ni za kweli. Wao hawaulizi."

"Na bei uliulizia nini?"

"Nilitaka kujua kama nauza rahisi sana." Yogesh alijifuta jasho. "Lakini Rupal akasema hirizi moja, dubu mmoja amekufa. Nikarudi dukani nikajiambia, Yogesh, basi wewe umeokoa dubu wengi sana."

Ibtisam aliuma mdomo asicheke. Kicheko kingeharibu kazi. "Hukuokoa hata mmoja. Anayenunua yako akiamini ni ya kweli, kesho atamwambia mwenzake, na mwenzake atakwenda kutafuta ya kweli hasa. Wewe na Rupal mnafundisha ukuta kwa ukuta. Yeye anafundisha watu waache kutamani, wewe unafundisha watamani."

Yogesh aliutazama ukuta unaomtenga na ukumbi. Ilionekana hilo halikuwahi kumpitia kichwani, na sasa lilikuwa limeingia na kukaa.

"Hizi zinaondoka droo leo," alisema. "Wala sikuchukua za Rupal, madam. Hata za kweli sizijui. Ukizichoma zinanukaje?"

"Kama nywele zikiungua. Kama kucha zako mwenyewe, ni kitu kilekile. Ngoja nikuonyeshe, nilivunjika ukucha sasa hivi, nina..."

Alikitazama kidole gumba chake.

Hakuwa nao. Ulikuwa kwenye pindo la kanga ya Bi Hayat, na yeye hakuuliza kwa nini, kwa sababu hakukuwa na cha kuuliza. Kwao ndivyo ilivyo. Nyumbani kwake Kilburn, ghorofa ya tatu, mama yake mpaka leo hukusanya kucha na nywele za chanuo na kuzifukia kwenye ndoo ya mchaichai barazani. Ukucha uliotoka mwilini hauachwi ovyo, hautupwi jaani, mwenye nia mbaya asije akaupata akaufanyia mambo. Unazikwa, na wala hutangazi umezika wapi.

Mengine yalijipanga yenyewe. Mwizi angezing'oa na za kushoto, maana muda alikuwa nao. Msafishaji asiyejua kitu angezitupa. Mtu mwema tu angempelekea Rupal mkononi. Alibaki mtu wa aina moja, ambaye akikuta kucha zimeanguka chini, mkono wake unajua la kufanya kabla kichwa hakijaulizwa. Na Wembley, mahali ambapo ardhi yote imefunikwa kwa lami, mtu huyo angezika wapi?

"Asante, Bwana Yogesh," alisema, na akamwacha amesimama na droo wazi.

Bi Hayat alikuwa pale pale. Chai ilikuwa imekwisha. Rupal alikuwa ameshaanza kukunja picha za ukutani, zile za watoto wa kijijini wakipiga debe wanapopita msituni. Ibtisam alivuta kiti akakaa mbele ya bibi, magoti kwa magoti, kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Bi Hayat, ukucha wangu uko wapi?"

"Uko hapa pindoni. Nangojea."

"Unangojea nini?"

"Nyie mtoke. Kwani wewe ulitaka nikautupe kwenye taka, auokote nani?"

"Na za dubu ulizizika walipokuwa wametoka wote?"

Kanga ilivutwa vizuri begani. Kikombe kitupu kikainuliwa, kikatazamwa ndani, kikarudishwa.

"Nani kakwambia?"

"Mrehani. Una maji, una joto, na umelala. Mrehani hulala hivyo ukichokorwa mizizi."

Rupal aliziacha picha zikateleza chini. "Bi Hayat? Ni wewe?"

"Ni miye, lakini sikuiba," alisema Bi Hayat, na sauti yake haikuwa na woga hata chembe. "Jumanne watu wameshatoka, wewe umerudisha viti dukani, namngojea mwanangu anifuate na gari. Ile ngozi umeikunja upesi upesi, mguu unaning'inia nje. Natazama chini, kucha hizo. Sasa mwenyewe saa nzima umetufundisha, kucha zatafutwa, kucha zafanywa hirizi, mtu akizipata dubu wengine wanauliwa. Na huyo jirani katoka kuuliza bei sasa hivi. Nikupe wewe uzirudishe sandukuni, sanduku linalokwenda shule kwa shule kila mtu atie mkono? Nikasema Bismillahi, nikazizika. Asizipate mtu tena."

"Mbona nilipouliza jana hukusema?"

"Uliuliza nani kaiba. Miye nasema, mwizi ajitokeze, sio miye. Na hicho kitu hakitangazwi, mwanangu. Ukishatangaza, umezika nini?"

Ibtisam aliitazama sura ya Rupal ikipita kutoka kwenye mshangao kwenda kwenye kitu kingine. Katika watu wote waliopita kwenye darasa hilo kwa miaka mitano, hakuna aliyelishika somo kwa nguvu kama huyu aliyelivunja. Furaha ilimpanda Ibtisam kifuani wazi wazi, lakini kazi ilikuwa bado.

"Bi Hayat, zisipokuwepo kesho, darasa linafungwa. Ngozi inaondoka, na Rupal hafundishi tena."

"Linafungwa?" Sasa ndipo bibi aliposhtuka. "Hilo mbona hamkuliweka mbele? Mmezunguka na kuiba, kuiba."

Alichuma jani moja lililonyauka la mrehani wake.

"Kwetu Pemba," alisema polepole, "popo wakubwa tulikuwa tukiwala. Wakawa wanakwisha. Haikuja bunduki kuwalinda. Walikuja watu wakawafunza vijana, na vijana wakatufunza sie wazee, tukaona haya. Safari iliyopita nimekwenda, jioni mbingu nyeusi kwa popo. Ni darasa tu lililofanya vile. Haya, chimbeni. Lakini mchimbe kwa adabu, msiukate mzizi."

Rupal alichimba kwa kijiko cha chai. Hazikuwa mbali. Zilifungwa kwenye kitambaa cheupe safi, fundo moja, na hata mchanga haukuwa umeingia. Ibtisam alizipanga juu ya meza, tano, akaitazama mizizi yake kwa lensi. Kila mmoja ulikuwa na ule unga wa njano. Akajaribu mmoja mmoja kwenye tundu lake, kuanzia kidole cha nje, na kila mmoja ukaingia mahali pake bila kulazimishwa. Akachukua wa mwisho, akauchoma kidogo kwa ile pini ya dukani, aliyoipasha moto tena. Moshi mwembamba ukanuka nywele.

"Ni zenyewe," alisema.

Rupal alilia kidogo, akacheka, akamshika Bi Hayat mikono yote miwili akaibusu. Bibi akamwambia aache mambo yake, akaoshe kijiko.

Ripoti Ibtisam aliiandika pale pale, fupi, bila kumwongopea mtu: kucha zilidondoka kwa joto, zikahifadhiwa na mmoja wa wanafunzi, zimepatikana zote. Sanduku lihamishiwe ukuta wa pili. Gundi mpya itiwe na fundi wa jumba la makumbusho. Mkuu wake angeuliza zilihifadhiwa wapi, na Ibtisam alikuwa tayari kumweleza, akipata mahali pa kuanzia.

Alikuwa anafunga kalamu Yogesh alipoingia na mfuko wa karatasi, akasimama mlangoni kama mtu aliyechelewa arusi.

"Nimeleta zile," alimwambia Rupal, bila kumtazama Ibtisam. "Ni plastiki. Watoto washike hizi, za kweli watazame tu. Na siku ukitaka mtu wa kuwaambia watu jinsi wanavyodanganywa dukani..." Akakohoa. "Mimi hiyo najua kufundisha."

"Jumanne," alisema Rupal. "Na uje na viti."

Bi Hayat alikuwa amegeukia dirishani. Alitoa karatasi laini kwenye pindo la kanga, akaikunjua, akaushika ukucha wa Ibtisam kwa vidole viwili. Midomo yake ilisema maneno machache. Kisha akaushusha kwenye shimo lililokuwa la dubu, akarudisha udongo, akaupapasa kwa kiganja mpaka ukatulia.

"Lishachimbwa," alisema alipoona wote wanamtazama. "Haliachwi tupu."